Boquerón na Dagaa Wake

Kwa Kihispania, jina la mji wa bandari halikwambii mwenyeji wake aitweje. Mtu wa Cádiz ni gaditano, kwa kuwa Warumi waliuita mji huo Gades; wa Huelva ni onubense, kutokana na Onuba ya kale. Hapo sina neno. Nasi watu wa Mombasa tuna Mvita yetu.

Taabu ni majina ya mtaani, hasa yakitajwa chakula kikiwa mezani. Binamu yangu ni baharia. Meli yao ilipotia nanga Málaga, nilikokuwa nikisoma, tukaenda kula na wenzake. Mhudumu akaleta sahani ya dagaa wa kukaanga, akajipiga kifua: yeye ni boquerón. Kihispania cha binamu ni cha jikoni melini, na neno hilo alilijua vizuri mno. Akarudisha mkono.

“Huyu yuwasema yeye ni dagaa,” akaninong’oneza. “Sasa hapa twala jamaa zake?”

Mhudumu alipoambiwa, alicheka, kisha akazidisha. Watu wa Ceuta huitwa caballas, yaani vibua. Wa Huelva choqueros, kwa ngisi wao. Wa Santa Cruz de Tenerife chicharreros, kwa samaki aitwaye chicharro. Hilo la mwisho lilikuwa la kejeli, leo wanaringia. Binamu akaagiza saladi.

Kisha, kwa kutaka kumfurahisha baharia mwenzake, Mwajentina, akamwita porteño, mtu wa bandari, mwana wa Buenos Aires. Kumbe mwenzetu ni wa La Plata, mji wa jirani, na uso ukamkunjamana: yeye ni bonaerense, wa mkoani, hao wa jijini wana maringo! Mchile wa Valparaíso naye akadakia kwamba porteño halisi ni yeye.

Mperu wa Callao, chalaco huyo, akataka kutupoza kwa habari za mpira. Afadhali angenyamaza. Lile teke la kupinduka hewani kwao ni chalaca. Kwa Wachile ni chilena, na hakuna aliye tayari kumwachia mwenziwe.

“Kwetu ni tikitaka,” binamu akaamua.

Mhudumu akashangaa. Tikitaka ya Wahispania si pasi fupifupi, mpira chini? Binamu akaona maneno hayatoshi, akainuka kuonyesha. Kiatu kilitua meza ya tatu, kwenye supu ya bwana mmoja ambaye, alhamdulillahi, hakutuuliza sisi ni watu wa bandari gani.