Upau Uliopotea Kikula

Sebule yetu ya Kikula, hapa Likasi, ndiyo sekretaria ya mke wangu. Hapo anapiga chapa barua za maombi ya kazi na, zaidi ya yote, TFC (travail de fin de cycle), yaani kazi za mwisho za wanafunzi wanaomaliza masomo ya chuo. Kompyuta ni moja. Kwa miaka ilikuwa na skrini moja, na chini yake upau wa kazi: kitufe cha kuanzia kushoto, picha ndogo za programu zilizofunguliwa, saa kulia. Jicho la mke wangu hushuka hapo kila mara, maana mteja anasubiri mlangoni na saa haimsubiri mtu.

Kijana wetu akaleta skrini ya pili kutoka Lubumbashi, iliyokwishatumika, ameizungushia blanketi safari nzima ya kilomita kama 120. Wazo lilikuwa zuri, nami nalitetea mpaka leo. Wanafunzi wengi hutuma kurasa walizoandika kwa mkono kama picha za simu, na mpiga chapa anahitaji kuzisoma upande mmoja huku akiandika upande wa pili. Kijana akachomeka kebo, akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua kupanua. Tukapata nafasi mara mbili.

Usiku, sisi tumelala, akaendelea kupamba. Windows 10 inaruhusu upau ukae upande wowote wa skrini. Akauvuta kutoka chini hadi ukingo wa kulia wa skrini ya kushoto, akauamuru ujifiche usipotumika, na ule wa skrini ya pili akauondoa. Tatizo liko hapo. Upau uliojificha huitwa kwa kukisukuma kipanya hadi ukingoni, na ukingo huo sasa ulikuwa mpaka wa skrini mbili. Kipanya hakigoti popote; kinavuka kwenda ng'ambo, na upau unabaki umejificha.

Asubuhi akaenda masomoni. Mke wangu akafungua TFC ya mteja, ikatokea skrini ya kulia, akasahihisha kurasa nyingi bila kuhifadhi, kisha akatoka mara moja kununua makaa. Shangazi, mama mzima asiyependa kuona kitu kinakula umeme bure, akabonyeza kitufe cha skrini ya kulia, akaizima.

Mke wangu aliporudi alikuta picha ya mandhari tu. Hakuna upau, hakuna saa, hakuna TFC.

"Nani alikamata kazi ya mutoto wa watu?" akauliza, na sauti yake ikanitoa uani.

Mwenye TFC alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha wateja, na siku hiyo ndiyo alitakiwa kuiwasilisha. Shangazi akasema, "Ni mimi nilizima ile ingine." Mke wangu akaunyosha mkono kwenda kuiwasha, na umeme ukakatika.

Sisi tunaishi si mbali na mto Lufira, ambao maji yake yanazungusha mitambo ya Mwadingusha tangu 1930, na bado kila nyumba inayojali kazi yake ina betri ya akiba. Yetu ilikuwa imeshika kompyuta na skrini ya kushoto. Skrini ya kulia ilichomekwa ukutani. Kompyuta yenyewe, kwa sababu ya ile kebo, iliendelea kuihesabu kana kwamba inawaka, na TFC ilikaa humo gizani. Betri ikaanza kulia.

"Musiguse kintu!" mke wangu akasema. Nikampigia kijana simu.

"Papa, mwambie Mama ashike Alt, agonge Tab mpaka aione kazi yake, aachilie. Halafu Windows na Shift na mshale wa kushoto."

TFC ikaruka, ikatua mbele yetu. Mke wangu akabonyeza Ctrl na S kabla hajavuta pumzi, akazima mashine taratibu. Mteja alichapishiwa kazi yake umeme uliporudi, mchana.

Jioni, kwenye bukari na lenga-lenga, kikao kilikuwa kirefu. Kijana alijitetea kwamba kabla ya Windows 8 ya mwaka 2012 skrini ya pili haikupewa upau, na kwamba Windows 11 ilipotoka 2021 haikuruhusu kuuhamisha pembeni, basi acha afaidi uhuru uliopo. Mama yake akamjibu kwamba uhuru huo aufaidi kwake. Na kumbe inawezekana: mipangilio ya upau hufuata akaunti ya mtumiaji. Kijana akafunguliwa akaunti yake. Katika ile ya mama yake, upau ulirudishwa chini, ukafungwa usihamishike, ukawekwa kwenye skrini zote mbili, na kila mmoja unaonyesha madirisha ya skrini yake tu. Skrini ya kulia nayo ikachomekwa kwenye betri.

Ninyi mnaotumia mashine moja kwa kazi na kwa watoto, mfungulieni kila mtu akaunti yake kabla skrini ya pili haijafika mezani.