Heko kwa Mashine Isiyobembelezeka

Kithimani, huku Yatta, sifa hazitolewi ovyo. Hupewa bibi harusi, hupewa marehemu, na hupewa mheshimiwa aliyefika na magunia ya mahindi wakati wa kiangazi. Leo naomba kipaza sauti nimsifu asiyeolewa, asiyezikwa wala asiyegombea kiti, maana hata kuwepo hayupo: mashine pepe ya Ethereum, mtandao wa sarafu ya kidijitali; mashine ile unayoiamsha kwa kuandika evm kwenye dirisha jeusi la kompyuta.

Tazameni urembo wake. Haina kitufe, haina picha, haina rangi. Unaipa mkataba mahiri, yaani programu ndogo inayoshika pesa za watu na kuziachilia sharti likitimia, bila wakili wala karani. Inauendesha hapo hapo mezani pako, hatua kwa hatua, na ukitaka inakutolea utepe mrefu wa nambari. Hata nambari zenyewe ni za heksadesimali, yaani za kuhesabu kwa kumi na sita: mia moja kwake ni 64, thelathini na tano ni 23. Ukishangaa, shauri yako. Haikufunzwa kukaribisha wageni, na nani asiyechoshwa na programu za siku hizi zinazomwita mtu rafiki kabla hazijamjua?

Kisha nausifu ubahili wake. Karibu kila tendo lina bei, na bei hupimwa kwa gesi. Kujumlisha ni 3, kuzidisha ni 5, kuandika nambari mpya kwenye hifadhi ya kudumu ni zaidi ya 20,000. Gesi ikiisha kazi ikiwa katikati, huongezewi hata hatua moja ya huruma. Wanaonyunyiza kwa maji ya Mfereji wa Yatta, ule uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau miaka ya 1950 kuleta maji ya Mto Thika huku kwetu, wanajua maana ya zamu kuisha. Lakini mistari uliyokwisha kuinywesha inabaki na unyevu wake. Mashine hii ni kali zaidi: zamu ikiisha hukausha hata mistari iliyokwisha kulowa, shamba likarudi lilivyokuwa asubuhi, na kwenye mtandao halisi gesi iliyoteketea hurudishiwi. Mambo ya nusu nusu, ambayo ofisi nyingi za nchi hii zinaishi kwayo, yenyewe haiyataki.

Mtaniuliza, mashine hii na Yatta wapi na wapi? Muulizeni anayengoja mvua. Kampuni za Etherisc na ACRE Africa zimewahi kuwapa wakulima wadogo wa Kenya bima ya mazao iliyoendeshwa kwa mikataba ya namna hii: takwimu za hali ya hewa zikionyesha ukame, fidia ilitumwa kwa M-Pesa, bila mkaguzi kuja kuhesabu mahindi yaliyonyauka.

Sasa tuseme kijana wa hapa anaandika bima yake mwenyewe, ya mfano tu. Mkulima amekata bima ya shilingi 4,000, na hasara imekadiriwa kuwa asilimia 35. Kijana anagawanya 35 kwa 100, kisha ana nia ya kuzidisha kwa 4,000. Mwalimu wa hesabu angempa alama zote. Mashine haijui sehemu wala desimali. Inajua nambari kamili tu, na kinachobaki inakitupa. Ipe 6064602304 nayo itakufanyia kazi kwa gesi 11: weka 100, weka 35, gawanya. Jibu ni sifuri. Sifuri mara 4,000, mkulima anaambulia sifuri katikati ya ukame, na mashine haioni kosa lolote. Haipigi kelele, imetii. Kijana akishtuka na kubadilisha mpangilio wa zile nambari mbili, itagawanya 100 kwa 35, itampa 2, na mkulima atalipwa 8,000 kwa bima ya 4,000. Hapo mtoa bima ndiye atakayelia. Ni mpaka azidishe kwanza apate 140,000, ndipo agawanye, zitoke 1,400 za haki. Mfanyakazi mtiifu hivi utampata wapi? Ukimwagiza akuibie, anakuibia na kukuletea risiti.

Na hiyo risiti ndiyo sifa yake kuu. Kila mstari wa ule utepe unataja tendo, gesi iliyosalia na kilichomo kwenye rundo, yaani pale inaporundika nambari inazozifanyia kazi. Anayesaka hitilafu anaufuata akipepesa macho mpaka afike penye kugawanya, aione sifuri imekaa pale kama ilivyozaliwa. Hakuna shahidi wa kuhonga wala mzee wa kusuluhisha.

Wapo waliochelewa kuisoma risiti hiyo. Juni 2016 mkataba wa The DAO, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ulichotwa kama milioni 3.6 za etha, sarafu ya Ethereum, kwa sababu ulikuwa unalipa kwanza na kupunguza salio baadaye; mwizi alirudi dirishani kabla daftari halijaandikwa. Mwezi uliofuata ikabidi Ethereum yenyewe igawanyike njia mbili. Novemba 2017 mtu mmoja alifuta maktaba ya programu ambayo pochi za kidijitali za Parity ziliitegemea, na etha zaidi ya 500,000 zikafungiwa ndani ya pochi hizo. Katika visa vyote viwili mashine haikukosea hata nukta.

Tena haili bando. Mtandao ukipotea, umeme ukienda na jua la Kithimani likianza kutisha, betri ikiwa na chaji yenyewe inaendelea kugawanya. Gesi ya majaribio ni ya kubuni, unajimwagia mabilioni. Unaweza kufilisi wakulima wa kufikirika wa kata nzima kabla ya chai ya saa nne, na hakuna atakayebisha hodi kukudai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapoletewa mkataba mahiri, uwe wa bima, wa chama au wa shamba, usimwombe aliyeuandika akuonyeshe jinsi unavyofanya kazi. Mwombe akuonyeshe utepe wa siku ulipomshinda. Akikwambia haukuwahi kumshinda, usimpe pesa zako.