Mwongozo wa Mgeni Muhimbili

Mwambie konda unashuka Muhimbili, naye atakushusha Muhimbili bila wasiwasi. Wasiwasi utaanza ukishafika getini. Ndani ya eneo hilo moja la Upanga kuna hospitali ya taifa, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kila moja na mkuu wake na mhuri wake. Mafunzo ya udaktari yalianza hapo mwaka 1963. Mwaka 1976 kitivo cha udaktari na hospitali vikaunganishwa, mwaka 2000 vikatenganishwa, na mwaka 2007 chuo kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Ukimuuliza mlinzi "ofisi iko wapi" akakujibu "ipi?", usimkasirikie. Na mtu akikuahidi kukutana nawe kampasi, muulize kama ni hapo Upanga au Mloganzila, huko nje ya mji kwa njia ya Morogoro. Ukikosea asubuhi yenye foleni, utafika watu wameshatia sahihi ya mahudhurio na sambusa zimeisha.

Sambusa hizo si jambo dogo. Semina ya kisayansi ina sehemu tatu: utangulizi wa wageni waalikwa, chai, na matokeo ya utafiti kwa dakika zilizobaki. Kaa karibu na mlango. Muda wa maswali ukifika, atasimama mzee mmoja wa heshima aseme, "Mimi sina swali, nina mchango tu." Hapo unaweza kutoka, ukapiga simu tatu, ukarudi, mchango utakuwa bado unaendelea. Usithubutu kucheka. Miaka michache ijayo mzee huyo ndiye atakayekutahini.

Ukivaa koti jeupe mara ya kwanza, jua umeajiriwa na ukoo mzima. Hujamaliza kukariri mifupa ya mkono, na tayari shangazi amekutumia kwenye WhatsApp picha ya kipele cha jirani yake, na baba mdogo anataka kujua kama dawa ya presha inaruhusiwa kuachwa siku za harusi. Usiseme hujui. Sema "nendeni hospitali mkapime." Ndilo jibu atakalotoa hata bingwa, ila yeye hulilipia kodi. Wodini hali ni kinyume: huko kila mtu anajua kuliko wewe, kuanzia daktari rejista hadi sista wa zamu, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe. Kwenye raundi simama nyuma ya mtu mrefu.

Sasa tufike kwenye habari za utafiti, maana hapo ndipo wengi huumia. Kichwa cha habari kikisema "chanjo yapunguza kifua kikuu kwa asilimia 39", furahi, kisha uliza 39 ya nini. Nambari hiyo ilitoka kwenye utafiti wa DarDar, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Muhimbili na Dartmouth ya Marekani. Watu wazima 2,013 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wote wakiwa na kovu la BCG, waligawanywa: nusu wakapewa chanjo, nusu dawa tupu isiyo na chanjo ndani. Swali kuu lilikuwa kifua kikuu kilichosambaa mwilini. Wakaugua 7 waliochanjwa na 13 wasiochanjwa. Tofauti ndogo mno, bahati tu yaweza kuileta. Kwa kifua kikuu kilichothibitishwa, waliochanjwa walikuwa 33 na wenzao 52, na hapo ndipo 39 ilipozaliwa. Kwa wale ambao ugonjwa ulidhaniwa tu bila kuthibitishwa, waliochanjwa walikuwa 48 na wenzao 40. Watafiti waliyaandika yote matatu kwenye ripoti moja, kwa unyoofu. Gazeti lina nafasi ya moja, na hakuna tuzo kwa kubashiri lipi.

Ukitaka kumjua mwandishi wa habari za sayansi, mpe jibu la "hapana" uone atalifanyia nini. Katika miaka ya 1990, Muhimbili na Harvard waliwashirikisha wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI katika utafiti wa vitamini. Mchanganyiko wa vitamini ulipunguza watoto wanaozaliwa na uzito mdogo kwa asilimia 44. Hiyo ni habari tamu. Lakini vitamini A, ambayo ilitumainiwa iwakinge watoto, iliongeza maambukizi kutoka kwa mama. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu lenye thamani kubwa zaidi, kwa kuwa kidonge hicho ni rahisi, watu wanakipenda, na kingegawiwa kwa nia njema nchi nzima. Ila jibu kama hilo halina utepe wa kukata wala mgeni rasmi wa kupigwa naye picha.

Mwishowe, wewe mwenyewe unaweza kuombwa damu ya utafiti. Ukiwa mtu wa pwani utakumbuka mumiani, wale wanyonya damu wa hadithi, na bibi yako atakukumbusha zaidi. Usikimbie, wala usikubali kwa haya. Utafiti halali unaohusu watu una kibali cha maadili. Mwambie dada mwenye kalamu akuoneshe kibali hicho, akueleze damu itapimwa nini, itahifadhiwa muda gani, na majibu utayapataje. Kisha omba fomu ya ridhaa uisome hadi ukurasa wa mwisho. Imeandikwa kwa Kiswahili, na huenda ndiyo karatasi pekee eneo lile iliyoandikwa ili wewe uielewe. Humo utakuta kwamba unaweza kukataa, au kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yataendelea kama kawaida.