Dhahabu ya Makaratasi

Kampuni changa ya madini, yaani ile inayotafuta tu na ambayo haijauza hata gramu moja, hupimwa kwa sampuli za uchorongaji. Lakini wengi walionunua hisa za Bre-X ya Calgary, Kanada, katika miaka ya 1990, waliona inatosha kupima jinsi bei ilivyopaa. Kanuni hutaka kipande cha mwamba kilichochorongwa kipasuliwe, nusu ipelekwe maabara na nusu ihifadhiwe kwa uhakiki, ilhali huko Busang, kisiwani Borneo, ambako Bre-X ilitafuta dhahabu, karibu kila kipande kilisagwa chote. Makadirio ya dhahabu yalipanda hadi wakia milioni 70 na thamani ya kampuni ikafikia takriban dola bilioni 6 za Kanada, mwamba wenyewe ukiwa haujaulizwa. Hatimaye ulipoulizwa, kwa uchorongaji mpya uliosimamiwa na wakaguzi huru wa kampuni ya Strathcona, jibu lilitolewa Mei 1997: sampuli za awali zilitiwa dhahabu kutoka kwingine, na Busang hapakuwa na dhahabu ya kulipia gharama ya kuichimba.