Ngeli za Saa za Kujifunza Gari

Mwanafunzi mwenye lena akisema ana saa ishirini barabarani, bado hajasema kitu. Saa zina ngeli. Utafiti huu umefanyika Dar es Salaam kwa sampuli ya mtu mmoja, ambaye ni mimi, siku chache kabla ya kutahiniwa na trafiki.

Ngeli kubwa kuliko zote ni ya Mguu wa Mwalimu. Gari la shule ya udereva lina breki na klachi za pili upande wa mwalimu. Mwanafunzi hushika usukani, mwalimu huendesha. Dalili yake ni gari kusimama kwenye zebra kwa ulaini wa ajabu, na mwanafunzi kujisifu moyoni. Ngeli hii, kama maji, haina umoja: hutajwa kwa wingi tu. Daftarini mwangu nilikuwa na saa kumi na mbili za namna hii chini ya kichwa "Umahiri", hadi siku mwalimu alipogeuka kununua karanga dirishani. Gari likazima mara nne kabla hajarudishiwa chenji.

Ya Uwanjani hupatikana Jumapili, kwa gari la mjomba. Humo nilifuzu kurudi nyuma na kuegesha katikati ya milingoti ya goli. Lakini goli la kanuni lina upana wa mita 7.32, na gari dogo halifiki hata mita mbili. Hata kipa angepita.

Ya Kiti cha Abiria, ya kukanyaga breki isiyokuwepo ndani ya daladala, naitaja kwa ajili ya ukamilifu tu.

Inabaki ngeli ya Mwinuko. Uko Kimara, foleni imesimama kwenye mpando, na nyuma yako bajaji imekukaribia hadi huioni kwenye kioo. Unaachia klachi polepole mpaka gari litetemeke, unaongeza mafuta kidogo, ndipo unashusha handibreki. Hapo mguu ni wako, na bajaji ni ya mtu. Saa za ngeli hii hazijui wingi. Nimejumlisha zangu mara mbili, nikiwa na matumaini, nikapata dakika thelathini na tano.

Nimeomba mtihani usogezwe mbele wiki mbili. Kesho tunapanda Kimara, na mwalimu amekubali kukunja miguu kitini.