Mita ya Vitz Imezimika? Tiba Tano, Tukianzia ya Kipuuzi

Vitz za mwanzo, zile za 1999 hadi 2005, nyingi zina mita ya kidijitali katikati ya dashibodi. Kwa hiyo abiria wote ni matrafiki: mama mkwe aliyeketi nyuma anausoma mwendo wako vizuri kuliko wewe. Mita ikizimika unaendesha kwa kukisia, na tochi ya trafiki haikisii. Tunahesabu kurudi nyuma.

5. Kofi. Unaipiga dashibodi, tarakimu zinarudi, unajiona fundi. Hadi tuta linalofuata. Ila usilidharau: mita inayoamka kwa kupigwa imeshakuambia kuna kitu kimeachia ndani. Kofi ni kipimo, si dawa.

4. Zima taa. Ndiyo, hiyo tu. Ukiwasha taa kubwa, mita inajipunguza mwanga isikuumize macho usiku. Mchana wa jua kali ni kama haipo kabisa. Wapo waliomlipa fundi kabla ya kukumbuka swichi. Hatutaji majina, wanajijua.

3. Fyuzi na betri. Fyuzi ni rahisi mno, ndiyo maana hakuna anayeanza nayo. Ikague, kisha safisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6; injini ikiunguruma, kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12 huku injini inaunguruma, unaisingizia mita, kamtafute altaneta. Na kama kila kitu kinawaka ila spidi imeganda kwenye 0 na miti inakupita, mita ni nzima. Aliyelala ni sensa ya spidi.

2. Mita ya mtumba. Ilala ya Dar es Salaam zipo, Kirinyaga Road ya Nairobi zipo. Shida ni kwamba kilomita zinatunzwa ndani ya mita yenyewe, kwa hiyo unafunga na historia ya gari la mwenzako. Vitz yako inalala na kilomita 240,000, inaamka na 90,000. Ziandike mahali, maana siku ya kuuza utaonekana tapeli. Halafu hiyo mita ina umri uleule na ugonjwa uleule, ila haujaanza kuonekana.

1. Fundi redio. Siyo fundi magari. Yule wa kibanda chenye spika zilizopasuliwa. Tarakimu zile za kijani chenye ubuluu hazitoki kwenye balbu. Ni bomba la kioo linalotaka umeme wenye nguvu kuliko wa betri, na saketi ya kuupandisha iko humohumo kwenye mita. Miaka ishirini ya kuchomwa na jua na kupoa usiku inapasua viungo vya risasi na kukausha kapasita. Mara nyingi bomba ni zima kabisa. Dalili tamu kuliko zote ni kijistari kimoja kukatika: 8 ikikosa kile cha juu kulia inakuwa 6, nawe unakwenda 80 huku mita inakusifu kwa 60. Jaribu kumweleza hayo trafiki.

Chomoa betri kwanza, toa mita, mpe fundi. Anachoma upya viungo kwa risasi, anabadilisha kapasita, na kilomita zako zinabaki zilezile. Aiwashe mbele yako kabla hajarudisha plastiki. Na mhesabie skrubu. Zikibaki mbili mezani, atakuapia hazikuwa na kazi.