Atapangiwa Kazi Nyingine

Wanaosema gemu linapoteza muda wa vijana hawajaona linavyopoteza wa wazee. Mpwa wangu wa hapa Chanika, Handeni, ana Baldur's Gate kwenye simu, gemu la Wakanada la mwaka 1998 ambalo enzi hizo liliuzwa kwa sidii tano. Kila jioni ananiita tuamue nani abaki msafarani na nani atemwe. "Mjomba, wewe si mwenyekiti wa kamati ya harusi? Unawajua watu."

Kinachoniudhi ni urahisi wake. Msafara mwisho watu sita, na wewe umo. Wanaotaka kujiunga njiani wanapita ishirini, kwa hiyo ukimpata mpiga mishale wa maana, lazima mmoja ashuke. Unabonyeza, basi. Hakuna muhtasari wa kikao, hakuna mzee anayekuja na bakora yake kuuliza, "Kwani mtoto wa watu kakosa nini?"

Mimi nina harusi ya mdogo wangu. Bibi harusi ni wa Korogwe, mweka hazina naye yuko huko huko Manundu, na kati yetu kuna kilomita 65. Nikimuuliza michango imefika ngapi, anajibu, "Ipo." Ipo wapi? "Ipo tu, shemeji." Nikapendekeza abadilishwe. Wajumbe wote wakainamia simu zao. Jamaa ni mume wa dada yake bibi harusi, na huyo dada ndiye mkuu wa chakula. Ukimgusa mume, pilau limeondoka.

Sasa, gemuni wamo Khalid na Jaheira, mtu na mkewe. Jaheira anapigana na anaponya majeruhi. Khalid ana kigugumizi, na vita ikikolea anatimua mbio. Mpwa wangu akamtema Khalid. Jaheira akaondoka naye.

"Mjomba, hili gemu lina bagi!"

Bagi gani? Aliyelitunga amewahi kukaa kwenye kamati.

Halafu anayetemwa anaondoka na vyote alivyobeba, ndiyo maana wazoefu humvua kwanza. Nimemshuhudia mpwa wangu akimpekua mtu: kofia ya chuma, ngao, pete, chupa za dawa, moja moja, mwenyewe kasimama tu kama yuko kwa fundi cherehani. Alipobaki na nguo ya mwilini, akaambiwa kwaheri. Nikatamani. Lakini laini inayopokea michango yetu imesajiliwa kwa alama ya kidole cha mweka hazina. Kidole utakivuaje?

Lipo na jipya, Baldur's Gate 3 la Wabelgiji, la mwaka 2023. Humo mnatembea wanne, waliobaki wanasubiri kambini bila kinyongo, na aliyekufa anafufuliwa kwa dhahabu 200. Linataka GB 150. Kwa bei ya bando, afadhali nioe mimi. Ila lina kitu nakionea wivu: ukifanya jambo, maandishi yanatokea pembeni, fulani amependezwa, fulani hajapendezwa. Korogwe wote wananiambia, "Sawa, mwenyekiti." Kwamba wamenuna nakuja kuambiwa na bodaboda.

Mwishowe nikatumia mbinu ya serikali. Nikatangaza kwenye grupu kwamba uteuzi wa mweka hazina umetenguliwa na atapangiwa kazi nyingine, nikamuundia cheo cha mlezi wa kamati. Alifurahi mno. Akashukuru, akaomba tumwombee katika majukumu mapya. Laini akabaki nayo.

Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, Manundu. Wenye ahadi ambazo hazijalipwa, tafadhali, pesa zileteni mkononi.